Nyati kwa Risiti

Umeshajenga. Gari la juu unalo, watoto wanasoma shule zenye tai na koti, na kwenye harusi za watu unakalishwa meza ya mbele hata kama hukuchanga. Umekosa kitu kimoja tu ambacho hata jirani yako hana: kichwa cha nyati ukutani, juu ya televisheni. Basi mwaka huu unataka kuwinda, na unataka kuwinda kihalali, kwa sababu anayemuua nyati bila kulipa huitwa jangili na hupelekwa mahakamani, na anayelipa makumi ya maelfu ya dola kwa nyati yuleyule huitwa mgeni mashuhuri na hupelekwa kambini kwa ndege. Mnyama ni mmoja na risasi ni moja. Tofauti ni risiti, na mwongozo huu ni wa namna ya kuipata risiti nzuri.

Atatokea rafiki, tena mwenye nia njema, akukumbushe kuwa mwananchi anaweza kuomba leseni ya uwindaji wa wenyeji kwa ada ndogo kabisa. Mshukuru, kisha mkwepe. Kwa leseni hiyo utalala kwenye turubai lako, utasonga ugali wako, utambeba mnyama wako, na hakuna atakayekugongea hema saa kumi na moja alfajiri na birika la kahawa akikuita bosi. Unachokitafuta wewe si nyama. Nyama ipo buchani.

Nchi nayo uichague kwa akili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mwaka uliofuata ikafunga na biashara ya nyara, na tangu hapo mnyama wa Kenya hupigwa picha tu. Tanzania nayo iliwahi kufunga, kuanzia 1973 hadi 1978, ikafungua. Ndiyo maana tembo dume wa Amboseli anaishi maisha mawili. Upande wa Kenya ni mtu maarufu: watafiti wanaandika habari za ukoo wake tangu 1972, ana jina, na mama yake anajulikana. Akivuka kuingia Enduimet, upande wa Longido, bila pasipoti wala kadi ya homa ya manjano, anageuka nyara inayopimwa kwa kilo za pembe. Tangu 2023 madume kadhaa wenye pembe ndefu wamepigwa katika ukanda huo, na kelele za wanasayansi zikasikika hadi Ulaya.

Hapo jifunze kanuni muhimu kuliko zote: usimpige mnyama mwenye jina. Daktari mmoja wa meno kutoka Minnesota alilisahau hilo mwaka 2015 kule Zimbabwe, pembeni ya Hifadhi ya Hwange. Alimpiga simba mkubwa mwenye manyoya meusi, akaja kuambiwa kuwa simba yule anaitwa Cecil, ana kola ya watafiti wa Oxford shingoni, na ana mashabiki wengi kuliko mwanasiasa yeyote wa wakati ule. Kliniki yake ilizingirwa na waandamanaji. Wewe huna kliniki, lakini una ukurasa wa Instagram, na huko ndiko watakakokuzingira. Kabla ya kufyatua, uliza: huyu ana jina? Ukijibiwa kwamba hana, uliza tena.

Sasa kitalu. Kwa Tanzania kila kitu huanzia hapo. Huwezi kuwinda katika hifadhi ya taifa, wala Ngorongoro. Utawinda kwenye pori la akiba, pori tengefu, au eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori lililotengwa na vijiji vyenyewe, na yote haya yamegawanywa vitalu wanavyopewa wawekezaji chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, msimamizi akiwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kampuni itakuonyesha ramani yenye rangi nzuri. Wewe iangalie tarehe yake. Pori la Akiba la Selous liliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982 likiwa na kilomita za mraba zinazokaribia 50,000, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililokuwa jina la kuuzia safari. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 30,000, ikamegwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na uwindaji humo ukaisha. Baadhi ya brosha hazijapata taarifa. Frederick Selous mwenyewe, yule mwindaji Mwingereza aliyeachia pori hilo jina, alipigwa risasi na askari wa Kijerumani pale Beho Beho, Januari 4, 1917. Kaburi lake lipo hadi leo, nalo limo ndani ya hifadhi ya taifa. Angefufuka na bunduki yake begani, askari wangemkamata kabla hajafika mtoni.

Wateja wengi huchagua kwanza mahali penye jina, kisha hushangaa mnyama wao haishi huko. Anza na mnyama. Ukimtaka swala twiga, choroa au tandala mdogo, nenda Umasaini, na uzoee vumbi. Nzohe anaishi kwenye mabwawa ya Moyowosi, kwa hiyo andaa magoti, utatembea majini. Palahala na korongo ni wa miombo ya kati na magharibi, huko Rungwa na jirani zake. Sheshe ni wa Bonde la Kilombero, lakini bonde hilo limejaa mpunga na ng'ombe. Uliza sheshe wamebaki wangapi kabla ya kuuliza bei. Nyati utampata karibu kila kitalu chenye maji, na ndiyo sababu kila kampuni inakuahidi nyati.

Wajanja hutafuta kitalu kilichopakana na hifadhi, kwa mfano pale Pori la Akiba la Maswa linapogusana na Serengeti. Hesabu yake ni tamu: serikali inamlinda simba kwa miaka yote ya ujana wake, watalii wa kamera wanamlipia kiingilio, anazoea harufu ya dizeli hadi haamki tena kuikwepa gari, halafu jioni moja anavuka mpaka usio na ukuta kumfuata jike. Upande wa pili umekaa wewe. Kuiita hiyo fursa ni hiari yako. Mimi naiita kuvuna shamba la jirani, ila mwongozo huu haukuja kukuhukumu.

Lakini jina la eneo na rangi za ramani havitakuambia kama ndani kuna kitu. Ikolojia ya Selous ilikuwa na tembo wapatao 39,000 mwaka 2009. Ilipohesabiwa tena 2013, walibaki kama 13,000. Mipaka ilikuwa ileile na vibao vya kuingilia vilevile; majangili walikuwa wamepita. Aprili 2014 Marekani ikafunga mlango kwa nyara za tembo kutoka Tanzania, na aliyekuwa ameshalipia akabaki na pembe asizoweza kufika nazo nyumbani. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya kitalu, usiulize ofisini Arusha. Tuma mtu kwenye kijiji cha jirani, aingie dukani jioni, anunue soda, aulize kwa sauti ya chini kama kuna kitoweo. Akijibiwa, “Subiri kidogo, kinakuja,” tafuta kitalu kingine. Wanyama wako wanaliwa. Akitazamwa kwa macho makali na kuulizwa katumwa na nani, lipa kianzio siku hiyohiyo.

Na akiwa hapo dukani, aulize jambo la pili: kampuni imefanya nini kijijini? Robo ya ada za wanyama wanaowindwa hutakiwa kurudi kwenye halmashauri ya wilaya, na kutoka halmashauri hadi kisima cha kijiji ni safari ndefu kuliko yako. Kijiji ambacho tembo wamekula mahindi yake na hakikuona hata dawati moja hakina sababu ya kumlinda nyati wako. Kijiji chenye zahanati iliyoezekwa na kampuni, na vijana wake wakilipwa uaskari wa wanyamapori kwa wakati, kitakulindia hata ngiri. Hapa mzaha nauweka kando kidogo, maana kuna ukweli ambao wapinzani wa uwindaji huukwepa: pori la mbung'o, lisilo na mlima wa kupiga picha wala hoteli yenye bwawa la kuogelea, halina mtalii mwingine. Kitalu kama hicho kikikosa mwindaji, kinaingia mkaa na ng'ombe.

Tuje kwenye kampuni. Utagundua kwamba zote ni za kifamilia, zote zina uzoefu wa miongo mitatu, hata ile iliyosajiliwa juzi, na zote zina simba mmoja kwenye jalada ambaye ukimtazama vizuri ni yuleyule. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt alipomaliza urais wa Marekani, alichagua kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi, iliyompa wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliangusha wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe, na yote hayo, alieleza, kwa ajili ya sayansi na makumbusho ya Smithsonian. Iga mfano huo: sababu iwe nzito kuliko mzigo. Siku hizi sayansi imechakaa, sema uhifadhi.

Usimalizie mkutano wa kwanza kwenye picha. Dai kuona mgawo. Kila kitalu hupangiwa kila msimu idadi ya wanyama wanaoweza kuwindwa, aina kwa aina, na idadi hiyo imeandikwa. Kama kitalu kina simba mmoja na kampuni imeshamuuza kwa mteja wa Julai, wa Agosti na wewe wa Septemba, basi wawili kati yenu mnakwenda kupiga picha za machweo. Uliza pia jina la mwenye kitalu kwenye karatasi na ulilinganishe na jina lililo kwenye ankara yako. Mgawo kuuzwa kwa mlango wa nyuma ni ugonjwa wa siku nyingi, na siku mgogoro ukiibuka, utashangaa jinsi kila mtu anavyokuwa dalali tu.

Huyo simba mwenyewe, ukimpata, humpigi hivihivi. Kanuni zinataka awe dume aliyefika miaka 6. Ukimuua kijana anayetawala kundi, madume wengine huja kuliteka na kuua watoto aliowaacha, kwa hiyo risasi moja huondoka na simba watano. Cheti cha kuzaliwa hana. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Serengeti na Ngorongoro walionyesha kwamba pua ya simba, ambayo utotoni ni ya waridi, huingiwa madoa meusi kadiri anavyokua. Basi utajikuta umelala kifudifudi kwenye nyasi, mtu mzima mwenye kampuni tatu, ukibishana kwa kunong'ona na mwindaji bingwa wa kampuni kuhusu madoa ya pua kama madalali wa mnadani wanaofungua mdomo wa ng'ombe kuhesabu meno. Mkikosea, nyara haipiti.

Mkataba usome kuanzia mwisho, kwenye maandishi madogo. Mbele utaona bei ya siku, na safari ya simba ni ya siku 21, si wikiendi. Nyuma yake kuna ada ya kila mnyama, kibali cha bunduki, ndege ya kukodi, kuchuna na kutia chumvi, kufungasha, kusafirisha na bingwa wa kujaza ngozi. Kuna pia mstari mmoja ambao watu huuruka: mnyama aliyejeruhiwa akapotea, umemuua. Unamlipia wote, pembe na mkia, hata kama yuko mzima huko kichakani akiwasimulia wenzake habari zako.

Bunduki usinunue. Kwa nyati usishuke chini ya kipenyo cha .375, na usipande sana pia, maana bunduki kubwa humwumiza anayeipiga kwanza.

Mwindaji bingwa utamtambua. Amevaa kaptura hata kwenye miiba, sura imeungua na jua, na ana hadithi ya nyati aliyemkosakosa ambayo urefu wake unategemea kuni zilizobaki motoni. Ana leseni, kafanya mtihani, na mbele ya nyati aliyejeruhiwa ndiye utakayejificha nyuma yake, kwa hiyo mheshimu. Ila usimchague yeye. Mchague anayetembea mbele yake.

Huyo jina lake halimo kwenye brosha. Ni mfuata nyayo, mzee wa makamo mwenye koti la zawadi kutoka kwa mteja wa zamani, na mara nyingi ndiye asiyebeba bunduki. Mtazame afanyavyo. Anainama kwenye kinyesi, anakigusa kwa mgongo wa mkono kujua joto lake, kisha anaangalia nyasi zilizong'atwa kama ncha zimeanza kukauka. Anatoa mfukoni soksi kuukuu yenye majivu, anaitikisa, kivumbi cheupe kinaelea kushoto, naye anawazungusha nyote nusu saa kupitia kwenye miiba bila kutoa maelezo, kwa sababu upepo umeshamweleza. Jua linapokaza anasimama ghafla.

“Bosi, yule pale.”

Wewe unaona kichuguu.

“Wapi, mzee?”

“Yule. Nyuma ya mti.”

Miti ipo elfu moja. Kisha kichuguu kinatikisa sikio.

Anakusimikia vijiti vitatu vya kuegemezea bunduki, anavirekebisha urefu kwa kimo chako alichokipima kwa jicho ulipokuwa ukishuka kwenye ndege, halafu anaziba masikio. Ukikosa, hasemi kitu. Ukijeruhi, yeye ndiye anayetangulia kuingia kichakani kufuata damu. Ukiua, anafuta pua ya nyati kwa majani, anakizuia kichwa kwa kijiti ili kikae vizuri, anavunja nyasi zilizo mbele, anakuonyesha pa kuchuchumaa, kisha anasogea pembeni asije akaonekana kwenye picha. Kwa hiyo swali la kuuliza kampuni ni hili: wafuata nyayo wenu wako nanyi tangu lini, na mwezi uliopita walilipwa tarehe ngapi? Kampuni inayobadilisha wafuata nyayo kila msimu inakuuzia matembezi.

Wa pili kwa umuhimu ni mpishi. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alipokuja 1933, alimchagua Philip Percival, mmoja wa wawindaji bingwa waliosifika sana Kenya. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa tumbo. Aliugua kuhara kwa amiba hadi ikabidi arushwe kwa ndege kurudishwa Nairobi kutibiwa. Yeye safari ile aliitolea kitabu mwaka 1935. Wewe huandiki, utabaki na kuhara peke yake. Ulizia maji yanachemshwa na nani, na choo kiko umbali gani kutoka hema lako usiku kukiwa na fisi.

Mavazi ni rahisi: acha nguo za bluu nyumbani. Mbung'o wanaipenda bluu, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi. Mteja aliyevaa jinzi mpya huwa mtego wa kambi nzima, na wafanyakazi watafurahi kukaa mbali naye.

Kuhusu chui, nakushauri ufikirie mara mbili. Mguu wa swala unatundikwa juu ya tawi, unaachwa uvunde, nanyi mnajificha kwenye kibanda cha nyasi tangu saa kumi alasiri. Hamkohoi, hampigi chafya, hamuui mbu. Simu imezimwa. Mtu aliyezoea kupokea simu kumi kwa saa hukaa humo akimsubiri paka ambaye, mara nyingi, alikuja saa sita usiku mlipokwisha kuondoka. Wapo waliorudi na nyara. Wengi wamerudi na mgongo.

Msimu unafunguliwa Julai 1, nyasi zikishaungua na njia kuonekana. Mkataba ukikuridhisha, saini. Kichwa cha nyati kitachukua miezi kabla ya kufika ukutani kwako, basi pima kwanza upana wa ukuta. Na siku ya kuondoka utapewa bahasha uweke bakshishi, ukiambiwa umwachie meneja atawagawia. Usimwachie. Mfuata nyayo mpe ya kwake mkononi, mbele ya wenzake, ukimtaja kwa jina.